Je, Wajua? Picha Kali Yaweza Kukosea Mahali

Picha ya setilaiti yaweza kuonyesha gari na kivuli chake, na bado ikaliweka mita kumi kando ya lilipo. Ukali wa picha ni jambo moja, usahihi wa mahali ni jingine. Pikseli ya Landsat hufunika mita 30 za ardhi, ya Sentinel-2 mita 10, ya droni sentimita chache. Lakini hata picha ya droni huteleza kwa mita kadhaa isipofungwa kwenye alama zilizopimwa ardhini.

OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ilianza kwa watu kutembea na vipokezi vya GPS. Picha za angani zilikuja baadaye, zile za Bing mwaka 2010, na kwa picha za aina hiyo mtu aliweza kuchora mji ambao hajawahi kuufikia.

Mtelezo hutokana zaidi na pembe. Setilaiti ni nadra kutazama chini wima. Ikiinama nyuzi 20, na kimo cha ardhi kilichotumika kunyoosha picha kikikosewa kwa mita 100, kilima chote huhama mita 36 hivi. Milima ya Usambara, basi, humtesa mchoraji kuliko tambarare za pwani. Ghorofa nalo huonekana limelala: paa la jengo la mita 30 huangukia mita 11 kutoka kwenye msingi wake, ndiyo maana huchorwa msingi, si paa.

Dawa ni nyayo za GPS. Safari moja hupotoka, ila safari nyingi zilizopita barabara ile ile huonyesha ilipo, na picha husogezwa kuzifuata. Kwa kuwa picha ni viraka vilivyoshonwa, marekebisho ya mtaa mmoja huenda yasifae mtaa wa pili.

Data za umma nazo zina kasoro zake. Barabara za TIGER, zilizoingizwa kwa wingi OpenStreetMap mwaka 2007 na 2008, zilitengenezwa kwa ajili ya sensa ya Marekani. Karani wa sensa alihitaji kujua nyumba iko upande gani wa barabara. Barabara kupinda vibaya hakukumsumbua. Wachoraji walirithi kazi ya kuzinyoosha. Afrika Mashariki mtego ni mwingine: ramani za zamani zilipimwa kwa msingi wa Arc 1960, GPS hutumia msingi mwingine, WGS84, na anayesahau kubadilisha huhamisha kijiji kwa mita 300 hivi.

Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliunganisha picha za droni na miguu ya wanafunzi na wakazi. Droni iliona mabati. Jina la mtaa, mtaro uliozibwa, na mahali maji ya mafuriko yalipofika ukutani, hayo aliulizwa mwenyeji mlangoni pake.