Glasi Iitwayo Dawa

Katika kata ya Katubuka, Manispaa ya Kigoma-Ujiji, si ajabu kukuta kwenye sherehe ndogo ya nyumbani meza iliyopangwa kwa namna hii: ndimu zilizokatwa vipande, chupa ya asali kutoka Kasulu au Kibondo, barafu katika bakuli, soda za aina mbili tatu, na chupa ya pombe kali. Mwenyeji humimina kwa kukadiria, huponda ndimu kwa mwiko, hutia asali, huonja, kisha humkabidhi mgeni glasi na kumwambia, "Karibu dawa." Mgeni hucheka na kupokea.

Huenda mgeni huyo ameacha nyumbani vidonge vya kifua kikuu au vya kisukari. Huenda ni mama mwenye ujauzito wa miezi miwili ambao bado hajautangaza. Glasi haina harufu kali, tamu yake ni ya asali, na jina lake linatuliza moyo. Kiasi cha pombe kilichomo hakijulikani kwa aliyemimina wala kwa anayekunywa. Hapo ndipo ufundi wa kuchanganya vinywaji, ambao kwa wengi ni burudani tu, unapogeuka kuwa jambo la afya.

Jina lilikotoka

Kokteli ni kinywaji kinachounganisha pombe na viambato vingine, kama vile maji ya matunda, sukari, soda au viungo. Katika Afrika Mashariki, kokteli iliyopata sifa kuliko nyingine ni ile iitwayo Dawa, iliyovuma kutokana na mkahawa wa Carnivore jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980. Vodka humiminwa juu ya vipande vya ndimu, sukari na barafu, na kijiti kilichochovywa katika asali hutumika kukorogea. Ni ndugu wa caipirinha ya Brazil, ambayo hutumia pombe ya miwa iitwayo cachaça.

Jina hilo lilikuwa la mzaha. Lakini mzaha ukirudiwa mara nyingi huota mizizi, na neno "dawa" lina uzito wake katika masikio ya Mswahili. Ndimu, asali na tangawizi ni vitu ambavyo mama na bibi wamewapa watoto wenye kikohozi kwa vizazi vingi. Pombe ikiingia katika kundi hilo, huazima heshima isiyokuwa yake.

Kwinini katika glasi

Kokteli nyingine ya kale, ile ya jini na maji ya toniki, ina asili iliyo karibu zaidi na tiba. Jini hiyo ni pombe kali yenye harufu ya tunda la mreteni, nayo maji ya toniki ni soda chungu yenye kwinini. Waingereza waliokuwa India katika karne ya 19 walimeza kwinini kwa ajili ya homa, na kwa kuwa uchungu wake haukuvumilika, waliichanganya na sukari, maji na jini. Mwaka 1858 maji ya toniki yalipewa hataza jijini London.

Watu wa Kigoma wana sababu ya kuijua kwinini. David Livingstone alifika Ujiji mwaka 1869 akiwa mgonjwa sana, baada ya sanduku lake la dawa kuibwa safarini miaka miwili kabla. Yeye mwenyewe alikuwa daktari, na vidonge alivyovibuni kwa ajili ya homa vilikuwa na kwinini ndani yake. Henry Morton Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871, alifungua chupa ya shampeni aliyoitunza kwa siku hiyo. Shampeni ilikuwa ya furaha; kilichokuwa kimekosekana kwa mgonjwa yule muda wote ule kilikuwa dawa.

Je, maji ya toniki ya leo yanaweza kutibu malaria? Hesabu inatoa jibu. Kanuni za Marekani zinaruhusu kwinini isiyozidi takribani miligramu 83 katika lita moja ya maji ya toniki. Dozi moja ya kwinini kwa mtu mzima wa kilo 60 ni miligramu 600, nayo hurudiwa kila baada ya saa nane. Ili kupata dozi hiyo moja, mgonjwa angelazimika kunywa zaidi ya lita saba, na kwa siku nzima zaidi ya lita 21. Kabla hajaifikia kwinini, sukari na jini vingekuwa vimemwangusha. Mchanganyiko unaotibu malaria isiyo kali ni ule ambao Watanzania wameuita kwa haki "dawa mseto", yaani artemeta na lumefantrini, dozi sita kwa siku tatu, baada ya kipimo kuthibitisha vimelea. Mwenye homa aende kupimwa.

Ulimi si kipimo

Kokteli za kale hujengwa juu ya kanuni chache. Iliyo mashuhuri zaidi ni ya vitu vitatu: kikali, kichachu na kitamu. Ramu, ndimu na sukari huzaa daikiri, iliyopewa jina la kijiji cha Daiquirí nchini Cuba. Ukiweka wiski na limao badala yake, unapata kokteli nyingine. Ukiweka tekila pamoja na pombe tamu ya machungwa, unapata margarita. Aina ni nyingi, mifupa ni ile ile.

Kanuni hiyo ina siri ambayo mhudumu wa afya anapaswa kuifahamu. Uchachu na utamu vinapolingana, ulimi huacha kusikia ukali wa pombe. Barafu hupunguza harufu yake. Kwa hiyo kokteli iliyotengenezwa vizuri ndiyo inayoficha vizuri, na mnywaji hawezi kutegemea ladha kujua amekunywa kiasi gani. Vinywaji vya kuongeza nguvu huongeza hatari hiyo, kwa kuwa kafeini humfanya mlevi ajione yu macho, ilhali uamuzi wake umekwisha kudhoofika.

Njia ya kujua ni kupima. Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo cha gramu 10 za pombe halisi kuwa kinywaji kimoja. Kumpata mtu gramu zake ni rahisi: zidisha mililita za kinywaji kwa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, zidisha tena kwa 0.79, kisha gawanya kwa 100. Mililita 30 za pombe ya asilimia 40, ambazo ni sawa na vijiko vikubwa viwili, zina takribani gramu 9.5. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vinywaji viwili, japokuwa wengi huihesabu kuwa kimoja.

Sasa turudi kwenye meza ya Katubuka. Anayemimina kwa kukadiria katika glasi pana anaweza kufikisha mililita 80 bila kujua. Kwa pombe ya asilimia 40, hizo ni gramu 25, vinywaji viwili na nusu katika glasi moja. Mgeni aliyekunywa glasi tatu kuanzia saa mbili usiku amekwisha kunywa vinywaji saba na nusu. Ini la mtu mzima huondoa takribani kinywaji kimoja kwa saa. Anapopanda bodaboda saa tano usiku, sehemu kubwa ya pombe ile bado imo mwilini, na huenda ikawamo hata alfajiri. Kahawa, maji baridi au kuoga haviharakishi kazi ya ini.

Kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya watoto kina alama za mililita. Kimoja kikioshwa na kutengwa kwa kazi hii, kinatosha kumwondolea mwenyeji kubahatisha.

Pasipo na kipimo salama

Januari 2023, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa hakina madhara kwa afya. Tangu mwaka 1988, taasisi yake ya utafiti wa saratani imeiweka pombe katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kupima hupunguza madhara, hakuyafuti.

Kwa baadhi ya watu, kipimo kinachofaa ni sifuri. Mjamzito asinywe kabisa. Anayetumia isoniazidi kwa kifua kikuu huongeza hatari ya kuumia ini. Anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari ghafla, na waliomzunguka wakadhani ni ulevi, wakamwacha alale. Anayetumia diazepamu au fenobabito anaweza kulala usingizi mzito unaozuia pumzi. Maelezo ya metronidazoli nayo huagiza kuepuka pombe wakati wa dozi na kwa siku chache baada yake.

Lipo pia onyo kuhusu gongo. Pombe iliyokenekwa bila uangalizi inaweza kuwa na methanoli, sumu isiyotambulika kwa macho wala kwa ulimi. Ndimu na asali huficha ladha, haziondoi sumu. Mtu aliyekunywa, kisha saa kadhaa baadaye au siku ya pili akaona ukungu machoni, akatapika au kupumua kwa haraka, apelekwe hospitali mara moja. Kuchelewa kunaweza kumgharimu macho au uhai.

Swali la chumba cha matibabu

Mgonjwa akiulizwa, "Unakunywa pombe?" jibu la kawaida ni "Kidogo tu." Mara nyingi hasemi uongo. Hajawahi kupimiwa, na glasi yenye ndimu na asali haihesabu kuwa pombe. Ujiji na Kigoma ni mji wenye Waislamu wengi, na wapo pia Wakristo ambao madhehebu yao yanakataza kileo; aibu huongeza ufupi wa jibu. Mhudumu mwenye hekima huuliza akiwa faragha na bila kulaumu: glasi ya ukubwa gani, ilichanganywa na nini, chupa moja huisha kwa siku ngapi, nani humimina. Dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali kumi kuhusu unywaji husaidia, mradi mgonjwa na mhudumu wamekubaliana kwanza kinywaji kimoja ni kiasi gani. Anayekunywa kila siku kwa wingi asiambiwe kuacha ghafla peke yake, kwa kuwa kutetemeka na degedege vinaweza kufuata, ahitaji uangalizi.

Naye mwenyeji wa Katubuka ana wajibu mwepesi kuliko wote: kumwambia mgeni kilichomo kabla hajapokea, na kuweka mezani jagi la pili lisilo na kileo, zuri kama lile la kwanza. Tangawizi iliyopondwa, ichemshwe katika nusu lita ya maji kwa dakika kumi. Ipoe kidogo, itiwe maji ya ndimu mbili na vijiko viwili vya asali, kisha barafu na vipande vya nanasi. Mwenye kisukari apunguze au aache asali, na mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali kabisa. Jagi hilo haliponyi malaria wala nimonia. Hutuliza koo, na aliyelinywa huweza kumeza vidonge vyake usiku ule ule bila hofu.