Je, Wajua? Kusaka makasha kwa GPS, na adabu ya msakaji ukanda wa Uvira

Je, wajua kwamba herufi moja inatosha kukutoa Uvira na kukutupa Haut-Uele? Mji wetu uko takriban digrii 3 na dakika 24 kusini mwa ikweta, na digrii 29 na dakika 8 mashariki. Andika namba hizo kwenye simu, sahau herufi S ya kusini, na mshale utakuelekeza mahali fulani kati ya Dungu na Watsa, kama kilomita 750 kutoka kartie ya Nyamianda.

Na ukiikumbuka S, lakini ukaandika 3.24 badala ya digrii 3 na dakika 24? Digrii moja ina dakika 60, si 100. Kwa hiyo 3.24 ni digrii 3 na dakika 14 na kitu. Utapanda kaskazini karibu kilomita 18, hadi usawa wa Kiliba kwenye mashamba ya miwa, na unachokitafuta umekiacha nyuma mjini. Kabla ya kumlaumu aliyeficha, angalia kwanza namna ulivyoandika namba zake.

Mchezo wenyewe huitwa jiokashingi. Mtu anaficha kasha lenye daftari ndani, anatangaza vipimo vya mahali lilipo, wengine wanalisaka kwa simu au kifaa cha GPS, wanaandika jina na tarehe, kisha wanalirudisha palepale. Zaidi ya makasha milioni 3 yamefichwa duniani kwa namna hii, na mengine yako hadi Antaktika.

Je, wajua ulianza lini? Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, jeshi la Marekani lilikuwa likivuruga makusudi vipimo vya GPS walivyopata raia, hata kosa likaweza kufika mita 100. Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome, nao ukazimwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei. Kesho yake, tarehe 3, Dave Ulmer akaenda msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaficha ndoo nyeusi na kutangaza vipimo vyake ili kuona kama mtu asiyemjua ataweza kuifikia. Haikuchukua siku nyingi, Mike Teague akaipata.

Ndani ya ndoo ile mlikuwa pia na kopo la maharage. Leo chakula hakiruhusiwi kabisa kwenye kasha. Panya, mbwa na siafu hawajali kanuni za mchezo; harufu ikitoka, kasha linatafunwa na daftari linaisha. Kwa wenye wazo la kuweka ndagala wakavu kama zawadi ya kwetu: nia ni njema, lakini usiweke. Pombe, dawa, visu na viberiti navyo vimekatazwa, kwa kuwa anayefungua anaweza kuwa mtoto.

Je, wajua kwamba GPS haihitaji intaneti? Simu inasikiliza ishara za setilaiti zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na zikipatikana nne inaweza kujua ilipo. Mega zinaliwa na ramani, si na vipimo. Pakua ramani ukiwa nyumbani, andika vipimo kwenye karatasi, kisha utoke. Karatasi haiishiwi moto umeme ukikatika tangu jana.

Lakini usitegemee simu ikupeleke hadi kidole kigusie kasha. Mahali pa wazi, kosa la mita tano hivi ni la kawaida, na aliyeficha naye alikuwa na kosa lake. Chini ya miembe, kati ya kuta za matofali au mlima ukiwa umekubana upande mmoja, kosa huongezeka. Mshale ukianza kuyumbayumba, tia simu mfukoni, tumia macho. Waliozoea huanza kutafuta kitu kisichokaa kawaida: jiwe lililolala vibaya, rundo la vijiti lililopangika mno.

Na hapo ndipo uharibifu unapoanzia. Msakaji aliyekata tamaa hung'oa, huchimba, hubomoa ukingo wa bustani ya mtu. Je, wajua kwamba ni marufuku kulifukia kasha ardhini? Basi anayechimba amekosa mara mbili: ameharibu shamba la watu, na anatafuta mahali ambapo kasha halipaswi kuwapo.

Makasha mawili hayaruhusiwi kukaribiana chini ya mita 161. Ni sehemu ya kumi ya maili.

Hayawekwi pia kwenye madaraja ya barabara kuu, wala karibu na shule, kambi za jeshi au viwanja vya ndege. Kwetu hesabu hiyo inalifunga daraja la Mulongwe, na mimi ningeongeza mpaka wa Kavimvira na bandari ya Kalundu bila kusubiri kanuni iniambie.

Kuhusu daftari: ni mali ya wote. Usichukue nafasi ya majina kumi kwa jina lako moja. Beba penseli, kwa sababu wino wa kalamu huvuja kwenye karatasi iliyoingia unyevu na maandishi ya penseli hubaki. Funga kifuniko hadi mwisho. Masika ya Uvira hayahitaji tundu kubwa.

Je, wajua kwamba kuandika "sikulipata" ni heshima katika mchezo huu? Wengi huona haya, wanarudi kimya. Kimya hicho kinaumiza. Mwenye kasha akisoma kwamba watu watatu wamefika na kutoka mikono mitupu, anajua aende akaangalie. Asiposoma kitu, anaamini kasha liko salama, na wa nne anapoteza nauli ya pikipiki bure. Kuna wanaofanya vibaya zaidi: wanaketi nyumbani na kutangaza kwamba wamefika mahali wasipopakanyaga. Wengine wakilikosa kasha huacha la kwao palepale ili wajihesabie ushindi, na mwenyewe anabaki na makasha mawili, moja asilolijua. Mchezo huu hauna refa uwanjani. Unasimama juu ya neno la mtu, na anayedanganya amewachezea wenzake wote.

Ukichukua kitu ndani ya kasha, weka kingine chenye thamani ileile au zaidi. Kichezeo kizuri kikiondoka na kizibo cha soda kikibaki, mtoto atakayefuata hatatamani kurudi. Vipo pia vitu vyenye namba maalumu, vilivyoandikishwa ili visafiri kutoka kasha hadi kasha huku mwenyewe akifuatilia safari yake. Hivyo si zawadi. Ukikichukua, kisogeze mbele upesi. Kimoja kilisafirishwa na mwanaanga Rick Mastracchio hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2013. Alikuta kasha linamsubiri huko, kwa maana Richard Garriott alikuwa ameliweka tangu Oktoba 2008.

Sasa jambo zito, ambalo kwetu linapita mengine yote.

Julai 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu alionekana karibu na mkahawa akiinama, akigusagusa kitu, akiondoka. Polisi waliitwa, barabara ikafungwa, wataalamu wa mabomu wa jeshi wakalipua kile kifurushi. Kilikuwa kasha la mchezo. Hayo yalitokea katika mji tulivu. Je, wajua kwamba mojawapo ya makasha yanayopendwa sana Marekani ni sanduku la chuma la risasi za jeshi, kwa vile ni gumu na maji hayapenyi? Fikiria sanduku hilo chini ya mti Nyamianda. Fikiria mama anayerudi sokoni akimwona kijana asiyemjua akilisukuma kwenye majani na kutazama huku na huku. Katika mji ambao watu wake wamekimbia risasi zaidi ya mara moja, kuficha kitu cha namna hiyo ni kuwatia watu hofu isiyo na sababu, na mfichaji anaweza kulipia kwa maisha yake kabla hajapata nafasi ya kueleza.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kwetu iwe hii: hakuna chuma, hakuna chenye rangi ya jeshi, hakuna bomba lililozibwa pande zote. Kopo la plastiki linaloonyesha kilichomo ndani linatosha, na juu yake maandishi makubwa kwa Kiswahili na Kifaransa yanayoeleza kwamba ni kitu cha mchezo, pamoja na namba ya simu ya mwenyewe. Ya pili: usifiche kabla ya kumwona shefu wa kartie na nyumbakumi wa pale. Kanuni za mchezo duniani kote zinataka ruhusa ya mwenye ardhi. Hapa ongeza ruhusa ya majirani. Siri ya mchezo ibaki kwa wasakaji. Wenyeji wasifichwe kitu.

Anayesaka naye asijifiche. Wageni hufundishwa kusubiri wapita njia waishe ndipo waendelee. Ushauri huo ufae kwao; kwenye avenyu zetu, mtu anayejizungusha mahali pamoja akisubiri watu waondoke ndiye anayetiliwa shaka. Wasalimie wazee waliokaa barazani, sema umekuja kufanya nini, onyesha simu yako. Watakachokuambia kinaweza kufaa kuliko mshale.

Ufukwe huu una ushahidi wa hilo. Je, wajua kwamba Aprili 1858 Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, Sidi Mubarak Bombay akiwa mkalimani wao, na walichokuwa wakikitafuta ni mto Ruzizi? Walitaka kujua kama unatoka ziwani kwenda kaskazini au unaingia. Ukitoka, huenda ndio ungekuwa mwanzo wa Nile. Wapiga makasia wakakataa kwenda mbele. Lakini wana wa mtawala wa hapa waliwaambia wazi: mto unaingia ziwani. Jibu lilikuwa tayari limetolewa, na lilikuwa sahihi. Hata hivyo mwaka 1864 Burton aliligeuka, akadai kwa maandishi kwamba Ruzizi unaweza kuwa unatoka, na mabishano yakaendelea London kana kwamba hakuna aliyeulizwa. Ikabidi Novemba 1871 David Livingstone na Henry Stanley wapige makasia hadi mdomo wa mto waone kwa macho yao maji yakiingia. Miaka 13 kupata jibu ambalo watu wa Uvira walilitoa kwa swali moja. Ukisimama kwenye jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, utaona majina ya wageni hao wawili na tarehe 25-XI-1871. Majina ya waliojibu tangu 1858 hayamo, na kwangu hiyo ni dhuluma.

Tuhame. Je, wajua kwamba ufukwe wenyewe unahama? Ziwa Tanganyika hutolewa maji na mto mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie, kwa hiyo mvua ikizidi ziwa hupanda taratibu na hukawia kushuka. Mwaka 2021, na tena 2024, maji yaliingia kwenye nyumba za watu kandokando ya ziwa. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kuzoa nyumba na daraja. Kasha lililofichwa kwenye mawe ya ukingoni leo linaweza kuwa plastiki inayoelea kesho. Ndiyo maana mwenye kasha anatakiwa awe mtu anayeweza kulitembelea. Mgeni wa wiki moja hapaswi kuliacha na kuondoka. Likiharibika asilitengeneze, ni taka tu, na mifereji ya Uvira ina taka za kutosha.

Dawa ya shida hizi karibu zote ipo tangu Januari 2004, ilipozinduliwa Australia aina ya msako isiyo na kasha kabisa. Msakaji anapewa vipimo vya mahali penye somo la miamba, maji au ardhi, anafika, anaangalia, anajibu maswali. Hakuna cha kuficha, kuiba, kulipuliwa wala kusombwa. Kwa maoni yangu huu ndio unaotufaa. Tazama tulivyo navyo: ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, lenye kina cha mita 1,470, uso wake ukiwa mita 770 hivi juu ya bahari, maana yake sakafu yake iko takriban mita 700 chini ya usawa wa bahari. Milima ya Mitumba imesimama ghafla nyuma ya mji kwa sababu ardhi ya bonde ilishuka nayo ikabaki juu. Mawe makubwa kwenye mkondo wa Mulongwe yaliviringishwa na maji ya mafuriko. Rasi ya Banza, huko Ubwari, ina chemchemi za maji moto zinazotoka chini ya ziwa. Na Uvira tuna Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, CRH, ambako maswali ya namna hii yana watu wa kuyajibu.

Walimu wa jiografia, kazi hii ni yenu. Chagueni sehemu tano salama, pateni baraka za shefu wa kila kartie, andikeni maswali kwa Kiswahili, wapelekeni wanafunzi mchana. Na kabla hamjawafundisha latitudo, wafundisheni hili: mtoto akikuta chuma asichokijua kwenye majani, asikiguse, asikirushie jiwe, asikirukie. Arudi kwa njia aliyojia, amwambie mtu mzima, na mtu mzima awajulishe viongozi siku hiyohiyo.