Wimbi la Kuteleza Nyuma ya Boti (2): Farumi, Mwendo na Kina

Wiki iliyopita tulieleza mchezo ulioenea sana katika maziwa ya Marekani. Mtu husimama juu ya ubao nyuma ya boti, huvutwa kwa kamba fupi mpaka alipate wimbi, kisha huiachia kamba na kuteleza kwa nguvu ya wimbi lenyewe. Tuliona pia kwamba boti inayofaa ni ile ambayo propela yake iko chini ya tumbo, mbali na miguu ya mtelezaji. Yenye propela iliyotokeza nyuma ni hatari na haifai kabisa. Leo tuingie kwenye kazi yenyewe: boti tunayo, ziwa tunalo, wimbi zuri hupatikanaje?

Tuanze na uzito. Chombo chochote kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake; kanuni hiyo tunaijua tangu Archimedes. Boti nzito huchimba shimo kubwa zaidi majini, na maji yanayorudi kulijaza ndiyo huinuka kuwa wimbi. Manahodha wa majahazi walipakia farumi ya mawe na mchanga ngamani ili chombo kitulie; hapa farumi hupakiwa ili ziwa litikisike. Farumi yenyewe ni maji ya ziwa hilohilo, yakivutwa kwa pampu hadi kwenye matangi au mifuko minene. Lita moja ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mifuko mitatu ya lita 340 inaongeza takriban tani moja.

Mahali pa kuuweka uzito huo pana maana zaidi kuliko wingi wake. Sehemu kubwa huwekwa tezi, ili nyuma ya boti izame na wimbi lipande juu. Ukiweka wote huko, wimbi litakuwa refu kwenda juu lakini fupi kwenda nyuma, na mtelezaji atakosa nafasi. Ukisogeza kiasi kuelekea omo, yaani mbele, wimbi hurefuka na kulainika. Abiria nao ni farumi: mtu mzima akihama benchi, anayeteleza ataona tofauti. Lakini kikomo cha uzito kilichowekwa na mtengenezaji kisivukwe, wala omo isilemewe, maana boti ikipunguza mwendo ghafla omo huinama na maji huweza kuingia ndani.

Baada ya uzito ni suala la pande mbili. Nyuma ya boti, maji ya kulia na ya kushoto hukimbilia shimo moja. Yakifika pamoja hugongana na kuzaa povu lisilotelezeka. Siri ya wimbi safi ni kuuchelewesha upande mmoja. Zamani walifanya hivyo kwa kuiinamisha boti: anayetanguliza mguu wa kushoto kwa kawaida huteleza upande wa kushoto, basi farumi na abiria walirundikwa huko. Mwaka 2012 kampuni ya Malibu Boats ya Tennessee ilitangaza kifaa chake cha Surf Gate, yaani bamba linalofunguka pembeni mwa tezi. Bamba la kulia likifunguka, maji ya kulia husukumwa nje na kuchelewa kurudi, na wimbi la kushoto husimama safi ilhali boti imekaa sawa. Watengenezaji wengine nao wakaleta mifumo yao.

Sasa mwendo. Boti ya mita 7 ikienda polepole huacha viwimbi tu. Ikienda mbio sana hupanda juu ya maji, na shimo hupungua. Katikati ya hali hizo kuna mwendo ambao boti hung'ang'ana kuupanda mlima wa maji iliyoujenga yenyewe mbele, huku tezi ikizama. Hapo ndipo wimbi huwa kubwa, na kwa boti hizi ni takriban kilomita 16 hadi 19 kwa saa. Ndani ya nafasi hiyo ndogo kila kilomita ina uzito wake, kwa kuwa urefu wa wimbi linalokwenda sambamba na chombo hukua kwa mraba wa mwendo. Katika maji ya kina, kwa kilomita 16 kutoka kilele hadi kilele ni karibu mita 13. Kwa kilomita 18 ni karibu mita 16.

Kina nacho ni sehemu ya matayarisho, ingawa wengi hukisahau. Penye kina cha mita 2, wimbi la kawaida haliwezi kusafiri kwa kasi inayozidi kilomita 16 hivi kwa saa. Boti ya kilomita 18 italiacha nyuma. Ukitaka wimbi la mita 16 lisihisi ardhi iliyo chini yake, tafuta kina cha nusu ya urefu huo, yaani mita 8.

Mambo hayo yakishapangwa, rekebisha jambo moja kwa wakati mmoja. Wimbi likiwa fupi na la mteremko mkali, sogeza farumi mbele au ongeza mwendo kidogo. Likiwa refu lakini bapa, rudisha uzito tezi. Kilele kikitoa povu, ongeza nusu kilomita au fungua bamba zaidi. Ukibadilisha mawili kwa pamoja, hutajua lipi limekusaidia.

Lakini kazi ya nahodha haiishii kwa mtelezaji. Wimbi likiongezeka urefu wa kwenda juu mara mbili, nishati yake huongezeka mara nne, na nishati hiyo huendelea na safari hadi ukingoni, ikila udongo na kugonga vyombo vilivyofungwa. Tezi iliyozama nayo huelekeza mkondo wa propela chini, ukivuruga tope. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipendekeza boti hizi zikae zaidi ya mita 150 kutoka ukingoni. Mwaka 2024 jimbo la Vermont liliweka sharti la umbali huohuo, pamoja na kina cha angalau mita 6 katika eneo la maji la ekari 50 zisizokatika. Matangi pia yamwagwe yote kabla ya kuhamia ziwa jingine, kwa sababu maji ya farumi hubeba viumbe vigeni.

Kwa hiyo ramani ya kina ifunguliwe kabla ya pampu kuwashwa. Ziwa lisilo na nafasi hiyo halina nafasi ya mchezo huu, hata boti iwe bora kiasi gani.

Wiki ijayo: ubao, kamba, na hatari ya moshi wa injini kwa anayeteleza karibu na tezi.

Itaendelea.