Rimu mpya kwa gari la kila siku: tazama ofseti kwanza

Wakazi wengi wa Trans Nzoia na Bungoma wanaomiliki magari kama Subaru Forester na Toyota Prado hupenda kuyabadilishia rimu. Dukani huchagua kwa macho: rangi, muundo na jinsi tairi linavyojitokeza. Matundu ya nati huhesabiwa na inchi huulizwa, lakini namba moja iliyochapwa nyuma ya rimu husahaulika. Namba hiyo ni ofseti.

Ofseti ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaoegemea habu. Huandikwa ET48 au +48, kwa mfano. Namba ikiongezeka, gurudumu huingia ndani kuelekea shokamzoba. Ikipungua, hutoka nje kuelekea ukingo wa madigadi.

Chukua Forester iliyoundwa kati ya 2013 na 2018. Rimu yake ya kiwandani ya inchi 17 ina upana wa inchi 7 na ofseti ya +48. Mwenye gari akiuziwa rimu yenye upana wa inchi 8 na ofseti ya +35, ukingo wa nje utasogea karibu milimita 26, huku ule wa ndani ukibaki karibu palepale. Yaani inchi yote iliyoongezwa imekwenda nje.

Likiwa tupu, gari hilo hupendeza. Taabu huanza linapobeba watu watano na magunia ya mahindi nyuma, likitoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa kwenda Webuye hadi Bungoma. Springi zinashuka, gurudumu linaingia shimoni, na ukingo wa madigadi unalikwaruza tairi ubavuni. Ubavu ndio sehemu nyembamba ya tairi, na ukikatwa, tairi linaweza kupasuka gari likiwa kwenye mwendo. Beringi nazo hubeba uzito kwa pembe ambayo hazikuundiwa, hivyo huanza kuvuma mapema. Usukani huvutwa upande mmoja kila gurudumu la mbele linapogonga shimo. Msimu wa mvua, matope na kokoto hurushwa kwenye milango, na kwa mwendesha bodaboda aliye kando.

Spesa hufanya kazi ileile kwa mlango wa nyuma. Spesa ya milimita 20 huigeuza rimu ya +48 kuwa sawa na +28, hata kama muuzaji anaiita pambo tu.

Wala usinakili namba ya jirani. Prado ya 150 hutoka kiwandani na ofseti ya +25 kwa rimu ya inchi 17, na kwake hiyo ndiyo sahihi. Kwa Forester iliyotajwa, anayetaka upana wa inchi 8 atafute ofseti kati ya +40 na +45, kisha fundi apime nafasi iliyobaki upande wa shokamzoba kabla ya pesa kutolewa. Tundu la katikati pia lipimwe. Likiwa pana kuliko habu, rimu huhitaji pete ya kuziba nafasi hiyo, la sivyo usukani hutetemeka.

Jaribio lifanywe gari likiwa limejaa: usukani uzungushwe hadi mwisho pande zote mbili, kisha gari lipite polepole kwenye tuta. Likikwaruza, rimu zirudishwe dukani. Kukata madigadi si dawa. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na vifaa vyake, tairi zikiwemo, vitunzwe katika hali isiyohatarisha abiria wala watumiaji wengine wa barabara. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kuhusu mabadiliko hayo, kwa maana mvutano huzuka ajali ikishatokea.

Baada ya kilomita 80 hadi 100 za kwanza, nati zote zikazwe upya kwa spana inayopima nguvu, gurudumu moja baada ya jingine.