Mazoezi ya matamshi kwa mtoto nyumbani

Mtoto wa miaka mitatu akisema 'lafiki' badala ya 'rafiki', wazazi wengi hucheka. Akifika miaka saba hali ikiwa ile ile, kicheko hugeuka wasiwasi, na wenzake darasani huanza kumwiga.

Sauti za lugha haziji zote kwa pamoja. M, b, p na n hutangulia. R, inayotaka ncha ya ulimi itetemeke nyuma ya meno ya juu, huwa miongoni mwa zinazochelewa, pamoja na th na dh. Kwa hiyo kumkazania mtoto mdogo 'sema tena' mbele ya wageni hakumfundishi kitu. Humfanya anyamaze tu. Inatosha mzazi alirudie neno hilo kwa usahihi katika jibu lake: 'Ndiyo, rafiki yako amekuja.'

Kwa mtoto aliyekua kidogo, mazoezi huanza na sikio. Chora kalamu na, kando yake, sinia la pilau la karamu. Taja neno moja, mtoto aonyeshe picha. Akishazoea, mbadilishane: yeye ataje, mzazi aonyeshe. Akitaka karamu akaonyeshwa kalamu, atatambua mwenyewe kwamba sauti moja imemnyima pilau.

Ndipo ifuate sauti yenyewe, mbele ya kioo, kama mngurumo wa pikipiki. Kisha ra, re, ri, ro, ru. Kisha rangi na redio, halafu barua na chura, hadi sentensi nzima. Wazazi wengi huruka hatua hizi, wakashangaa mtoto kukwama. Dakika 5 hadi 10 kila siku zafaa kuliko saa nzima Jumamosi. Mwenye kitembe, ambaye ulimi wake huchomoza anapotamka s, afundishwe kufunga meno na kuutoa mlio wa nyoka.

Hata hivyo, si kila tofauti ni kasoro. Kikuyu hakina l, Kisukuma hakina r, na mtoto hufuata matamshi ya wanaomlea. Wala anayekulia London au Muscat hadhuriki kwa kusema lugha mbili; hakuna sababu ya kumnyima Kiswahili.

Wapo pia wanaokimbilia kumkata mtoto kimeo. Kimeo hakihusiki kabisa na r ya Kiswahili, na kukikata kienyeji kumesababisha watoto kuvuja damu nyingi na kupata maambukizi, wengine hata kufa.

Ikiwa mtoto wa miaka minne haeleweki kwa watu wasiomzoea, apimwe kwanza masikio, hasa kama huumwa masikio mara kwa mara. Wataalamu wa matamshi bado ni wachache Afrika Mashariki, ingawa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafunza mwaka 2008. Nchini Uingereza, katika maeneo mengi, mzazi anaweza kuomba huduma hiyo mwenyewe bila barua ya daktari.