Mpiga Gitaa la Besi: Mambo Yanayomfaa Kuyajua

Katika kila bendi ya dansi, ikiwa ni ya mjini, ya kikosi cha jeshi au ya polisi, yupo mtu mmoja ambaye wachezaji hawamtazami sana. Macho ya watu humwelekea mwimbaji, na baada ya mwimbaji humwelekea mpiga solo. Mpiga besi husimama nyuma, karibu na dramu, vidole vyake vikienda taratibu. Hata hivyo, miguu ya wachezaji humfuata yeye. Siku akikosea, ukumbi mzima husitasita, ingawa si wengi watakaoweza kueleza kilichoharibika.

Leo ukurasa wetu unamhusu mtu huyo. Tunamwandikia kijana anayeanza kujifunza, na askari ambaye mkuu wa bendi amempa gitaa hilo kwa sababu mpigaji wa kwanza amehamishwa. Tunaiandikia pia jamaa yake, ambayo italazimika kusikiliza mazoezi yake kila jioni.

GITAA LENYE UMRI MDOGO

Gitaa la besi la umeme ni chombo cha juzi tu. Zamani kazi yake ilifanywa na fidla kubwa ya besi, ambayo hupigwa mpigaji akiwa amesimama. Chombo hicho kilikuwa kizito, tena taabu kukisafirisha, na magitaa ya umeme yalipoingia sauti yake ilimezwa. Mwaka 1951 fundi Leo Fender wa California, Marekani, alitoa gitaa la nyuzi nne lililoitwa Precision Bass. Lilipewa jina hilo kwa kuwa shingo yake ilitiwa freti, yaani vile vipande vya madini vinavyopita chini ya nyuzi, hata mpigaji akaweza kupata sauti sahihi bila kubahatisha.

Nyuzi zake nne huitwa E, A, D na G. Uzi ulio mnene kuliko zote, yaani E, hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, wakati uzi mnene wa gitaa la kawaida hutikisika mara 82. Kwa sababu hiyo sauti ya besi husikika kifuani kama inavyosikika masikioni. Ni kwa sababu hiyo pia besi haipaswi kutiwa katika amplifaya ndogo ya gitaa la solo na kupandishwa sauti. Spika ndogo haikuumbiwa mtikiso huo, na karatasi yake itapasuka.

JAMBO LA KWANZA NI WAKATI

Ukiwauliza wapigaji wenye uzoefu ushauri ulio bora, wengi watakuambia: tunza wakati. Sauti isiyo sahihi ikipigwa kwa wakati wake, huenda wasikilizaji wasiitambue. Sauti sahihi ikichelewa au ikitangulia, kila mchezaji ataisikia miguuni.

Askari analijua jambo hili kuliko raia. Katika gwaride, mtu mmoja akipoteza hatua, safu nzima huchafuka. Mpiga besi na mpiga dramu ndio wanaoishika hatua ya bendi. Basi, msikilize mwenzako wa dramu kabla ya kujisikiliza mwenyewe. Sikiliza hasa ile dramu kubwa inayopigwa kwa mguu, na uhakikishe kwamba uzi wako unalia pamoja nayo, wala si kabla wala si baada. Ni vyema ninyi wawili mfanye mazoezi peke yenu, bila mwimbaji na bila magitaa mengine. Wimbo ukisimama kwa dramu na besi tu, utasimama kwa bendi nzima.

Asiye na mwenzi wa kufanya naye mazoezi na atumie saa ya ukutani. Mlio wake hutoka mara 60 kwa dakika. Piga sauti moja kwa kila mlio, kisha mbili, kisha nne. Ukipiga mbili umefika 120, nao ni karibu mwendo wa haraka wa gwaride katika majeshi mengi. Anza polepole, na usiongeze mwendo mpaka vidole vimezoea. Haraka haraka haina baraka.

KIDOLE KIMOJA CHA DETROIT

Tuna mfano wa James Jamerson, aliyezaliwa mwaka 1936 katika jimbo la South Carolina, Marekani, na kukulia kimuziki katika mji wa Detroit. Alianza na fidla kubwa ya besi, kisha akahamia Precision Bass. Akiwa na wanamuziki wa kampuni ya Motown alipiga besi katika nyimbo nyingi zilizovuma duniani katika miaka ya 1960. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini Jamerson alizichomoa nyuzi zake kwa kidole kimoja tu cha shahada cha mkono wa kulia.

Fundisho hapa si kwamba kila mtu apige kwa kidole kimoja. Wapigaji wengi hutumia viwili kwa zamu, na wengine hutumia kijiti cha plastiki. Fundisho ni kwamba uhodari hautokani na wingi wa vidole, bali unatokana na sikio na wakati.

Liko fundisho la pili, nalo ni chungu. Kwa miaka mingi jina la Jamerson halikuandikwa katika majalada ya sahani alizopiga. Lilitajwa katika sahani ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, What's Going On. Alifariki mwaka 1983, na mwaka 2000 ndipo alipoingizwa katika jumba la heshima la wanamuziki wa roki. Anayetafuta sifa za haraka na atafute chombo kingine. Nanyi viongozi wa bendi, mtajeni mpiga besi wenu jukwaani angali hai.

BESI SI KAZI YA WANAUME TU

Kuna wanaodhani kuwa mkono wa mwanamke hauwezi nyuzi nene. Carol Kaye, mama wa watoto, alikuwa mpiga gitaa la kawaida katika studio za Los Angeles. Siku moja mwaka 1963 mpiga besi hakufika kazini, naye akaombwa kushika nafasi yake. Tangu hapo akawa miongoni mwa wapiga besi waliotafutwa sana huko, akailisha jamaa yake kwa kazi hiyo, na mwaka 1969 akatoa kitabu cha kuwafundisha wengine. Binti akilitaka gitaa la besi nyumbani, asizuiwe.

JUA KUNYAMAZA

Mwanafunzi hutamani kujaza kila nafasi. Mwalimu hujua pengo la kuacha. Sikilizeni rumba ya Kongo: katika sehemu ya kuimba besi husema kidogo na kumpisha mwimbaji, na wimbo unapofika sebene, magitaa yakichangamka, ndipo naye hukaza mwendo. Angekuwa amekwisha maliza maneno yote mwanzoni, asingekuwa na la kuongeza.

Kunyamaza kuna ufundi wake. Sauti ya besi ina mwanzo na ina mwisho, na mwisho ni wako kuuamua. Legeza kidole cha kushoto bila kukiondoa, na uzi utanyamaza. Nyuzi usizozipiga ziguse kwa wepesi, zisije zikavuma zenyewe na kuchafua wimbo.

Tena, ujue majina ya sauti zote katika shingo ya gitaa lako. Gitaa la ridhimu linapobadilisha mafungu ya sauti, wewe ndiwe unayetaja sauti ya msingi ya kila fungu. Mwenye kuijua sauti hiyo na ile ya tano yake anaweza kuzisindikiza nyimbo nyingi za dansi tangu mwanzo hadi mwisho.

MIKONO NA MASIKIO

Gitaa la besi huwa na uzito wa kilo 4 hivi, na nyuzi zake ni ngumu. Kidole kikandamize uzi karibu na freti, si katikati ya nafasi, na nguvu kidogo itatosha. Kifundo cha mkono kisipindwe sana. Mkanda uwekwe ili gitaa likae pale pale, ukiwa umesimama au umeketi. Ncha za vidole zikiuma wiki za mwanzo ni jambo la kawaida. Maumivu ya kifundo au ya kiwiko si ya kawaida. Pumzika, na yakiendelea nenda kwa mganga.

Masikio nayo hayanunuliwi. Wataalamu wa afya hushauri kwamba kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na kwamba kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Katika desibeli 100, ambazo bendi katika ukumbi huzifikia kwa urahisi, muda ulio salama ni dakika 15 tu. Usisimame mbele ya spika, vaa vizibo vya masikio, na ukisikia mlio masikioni baada ya dansi, tambua kuwa umeonywa.

UMEME HAUNA MZAHA

Mwezi Mei mwaka 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani huko Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni iliyokuwa na hitilafu ya umeme. Waya wa ardhini katika amplifaya usikatwe kamwe ati kwa kuwa spika inavuma. Itafutwe sababu ya mvumo huo. Usipige ukiwa miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji, wala mvua ikinyesha jukwaani. Mwenye nyumba na awakataze watoto kuchezea nyaya.

AMANI YA NYUMBA

Katika nyumba za kambi ukuta mmoja hutenganisha jamaa mbili, na huyu anayejifunza huenda jirani yake ametoka zamu ya usiku. Habari njema ni kwamba besi ya umeme husikika kidogo sana pasipo amplifaya. Egemeza mwili wa gitaa kwenye kabati au meza ya mbao, nayo mbao itakukuzia sauti ya kukutosha wewe peke yako. Dakika 20 za kila siku ni bora kuliko saa nne za Jumapili, na mke na watoto watazivumilia. Ukimaliza, pangusa jasho kwenye nyuzi kwa kitambaa kikavu, ulirudishe gitaa mahali pasipofikiwa na jua.

Haba na haba hujaza kibaba. Mpiga besi anayeshika wakati, anayewasikiliza wenzake na kujua lini anyamaze, bendi yoyote itamhitaji, hata kama wachezaji hawatalijua jina lake.