Msikague Daftari

Kila Jumamosi tunapokunja mikeka ya darasa letu la kuhamahama na kurudisha masanduku garini, huja lile swali. Nimeulizwa Muheza, nimeulizwa Korogwe, na juzi nimeulizwa tena Pangani na baba aliyeshika daftari la mwanawe, kurasa zote nyeupe: "Sasa mwalimu, tangu asubuhi mmekaa naye, mbona hajaandika kitu?"

Mtoto huyo ana miaka mitatu na nusu. Asubuhi ile alikuwa anamimina kunde kutoka jagi moja hadi jingine. Zikamwagika. Akaziokota moja moja kwa ncha za vidole, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, kisha akamimina upya. Alirudia hivyo mpaka wenzake wakaenda kunywa uji. Baba yake alikaa kwenye benchi hatua chache tu kutoka pale, na hakuona somo lolote.

Hapo ndipo uvumilivu unaponiishia. Imani iliyotukaa ni kwamba mtoto hujifunza kuandika kwa kushikwa mkono na kujaziwa daftari, a, a, a, ukurasa kwa ukurasa. Zipo shule za chekechea ambako mwalimu huwashika mikono watoto wote kwa zamu ili jioni mzazi akifungua begi aridhike. Huko ni kumdanganya mzazi. Ukiushika mkono wa mtoto, anayeandika ni wewe. Wake umebebwa tu, na misuli haikomai kwa kubebwa. Hukomaa kwa kunde, kwa kukamua kitambaa, kwa vifungo vya shati, na kwa zile silinda 10 za mbao zenye vishikizo vidogo, ambavyo mtoto huvishika kwa vidole vilevile vitatu vitakavyoshika penseli. Yule wa Pangani alikuwa anajiandaa kuandika asubuhi nzima.

Na hizo herufi mnazojivunia! Mtoto anaimba "ei, bii, sii" na ukoo mzima unapiga makofi. Mwandikie neno baba, asome kwa majina hayo: bii, ei, bii, ei. Baba yuko wapi hapo? Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Neema hiyo Waingereza hawana, nasi tunaitupa ili mtoto aonekane msomi mbele ya wageni.

Maria Montessori, daktari ambaye njia yake ndiyo tunayoifuata, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907, San Lorenzo, mtaa wa mafukara mjini Roma. Kitaliano nacho huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa. Aliwapa watoto herufi zilizokatwa kwa msasa, wazipapase kwa vidole huku wakitamka sauti zake. Siku moja mtoto aliyekuwa anachora bomba la moshi sakafuni kwa chaki akaanza kuandika maneno, na wenzake wakamfuata. Walikuwa na miaka minne au mitano. Waliandika kabla ya kujua kusoma, na hakuna aliyewashika mkono.

Sisi tunapita siku moja na kuondoka, kwa hiyo kazi ni yenu. Vifaa vya dukani ni ghali, msivihangaikie. Kunde na vikombe viwili vinatosha. Mpeni pia ndizi amenye, khanga azikunje, sahani azioshe. Mwonyesheni mara moja, polepole, bila maneno mengi, kisha mwondoe mikono yenu. Msasa unapatikana duka la vifaa vya ujenzi: kateni herufi ndogo, zibandikeni kwenye kadi, apapase kwa kidole cha shahada na cha kati, atamke m, siyo "em". Sauti kama sh na ng' zipewe kadi zake. Mkitafuta shule, msiamini kibao cha getini. Jina la Montessori halina mwenyewe, yeyote anaweza kulipaka ukutani. Ombeni kukaa ndani saa moja. Mkikuta wa miaka mitatu hadi sita wamechanganyika, kila mmoja na kazi aliyoichagua na mwalimu hapazi sauti, mwandikisheni. Mkikuta wote wamepangwa mstari wakiitikia kwa pamoja, ondokeni.

Na jioni, kabla ya kulifungua begi, nawaomba mumuulize kwanza: leo umerudia kazi gani?